Lile gemu la gololi la Windows XP: lilitengenezwaje, kwa nini lilipotea, na meza ya Kigogo ninayoijenga hapa Dodoma

#1 Gololi ya Hombolo (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Uzi huu nimeuahidi mara nyingi kwenye nyuzi za wenzangu. Leo niko nyumbani Kikuyu, upepo wa Dodoma unapiga mabati huko nje, acha niuandike wote kwa pamoja. Ni mrefu, mwenye haraka aje baadaye.

Waliopita sekondari miaka ya 2000 wanalijua gemu ninalolisema hata kama jina limewatoka. Shule niliyosoma ilikuwa na kompyuta kumi na mbili, zinazowaka saba, zote Windows XP, intaneti hakuna. Mwalimu akimaliza kipindi alituachia dakika kumi. Wengine walikimbilia karata, wengine lile la kutegua mabomu. Sisi wa nyuma tulifungua Start, kisha Games, kisha Pinball, yaani pinboli. Herufi Z ni flipa ya kushoto (kile kikono cha kuipiga gololi), alama ya mkwaju ni flipa ya kulia, kitufe kirefu cha nafasi unakibana na kukiachia, gololi inaruka. Tulikaa wanne kwenye kibodi moja: mmoja Z, mmoja mkwaju, mmoja wa kurusha, wa nne anaandika alama kwenye daftari la hesabu. Lile daftari ninalo mpaka leo.

Nilipofika chuo kompyuta zilikuwa na Windows 7. Nikafungua Games, halipo. Nikadhani fundi aliyeweka Windows ndiye aliyelifuta. Nimekuja kujua sababu yenyewe baada ya miaka mingi, na tangu siku hiyo haijanitoka kichwani, maana inahusu kazi ninayoifanya kila siku ya kuandika programu.

Kwanza asili yake. Gemu lile halikutengenezwa na Microsoft. Lilitengenezwa na kampuni ndogo ya Austin, Texas, iitwayo Cinematronics. Waliokuwa nyuma yake ni David Stafford, Mike Sandige na Kevin Gliner. Mwaka 1995 Microsoft walikuwa wanaitoa Windows 95 na walitaka kitu cha kuonyesha kwamba kompyuta ya Windows inaweza kuchezesha gemu lenye mwendo na sauti. Meza moja ikaingia kwenye kifurushi cha ziada kilichoitwa Microsoft Plus!, meza ya anga za juu, jina lake Space Cadet. Gemu kamili likatolewa na Maxis, hao hao wa SimCity, kwa jina la Full Tilt! Pinball, likiwa na meza tatu: Space Cadet, Skulduggery ya maharamia, na Dragon's Keep ya joka. Kwa hiyo kile tulichokuwa tunacheza shuleni ni theluthi moja tu ya gemu! Baadaye ile meza moja ikaingia kwenye Windows NT 4.0, Windows 2000, Windows ME, na mwisho XP, ambayo ndiyo iliyoifikisha hadi kwetu.

Wengi tulicheza bila kujua kwamba lina hadithi ndani. Unaanza ukiwa kadeti na kuna vyeo tisa mpaka amiri mkuu wa meli zote za anga. Ukigonga vile vibao vitatu vya misheni unachagua kazi, ukipandisha gololi kwenye ngazi ya kurukia umeikubali, na taa za mafuta zinaanza kuhesabu. Mafuta yakiisha, misheni imekufa. Ukimaliza misheni unawasha taa za duara katikati ya meza, duara likijaa unapanda cheo. Sisi tulikuwa tunapiga tu gololi isidondoke, na tulipofika cheo cha pili tulidhani ni bahati.

Sasa utamu wa kiufundi, na hapa naomba mnivumilie.

Ile meza inaonekana ina kina, lakini ni picha iliyochorwa mapema. Kompyuta za 1995 zisingeweza kuichora upya mara kadhaa kwa sekunde. Walichofanya ni kuhifadhi, pamoja na picha, namba ya kina kwa kila nukta. Gololi ikifika nyuma ya ngazi, programu inalinganisha kina cha gololi na kina cha nukta, nukta iliyo mbele inaifunika. Gololi yenyewe imechorwa kwa ukubwa mbalimbali, ikienda juu ya meza inawekwa ndogo, ikirudi chini inawekwa kubwa. Jicho linaamini. Nimekaa na hilo jambo muda mrefu nikiwaheshimu watu wale.

Lakini picha si gemu. Moyo wa pinboli yoyote ya kompyuta ni swali moja: je, gololi imegusa? Imegusa ukuta, imegusa bampa (kile kinguzo kinachoitupa gololi ikikigonga), imegusa flipa, na imegusa upande gani. Ukijibu sawasawa, gololi inadunda kama chuma. Ukikosea kidogo tu, gololi inapita ukutani kama mzuka.

Na hicho ndicho kilichoiua. Raymond Chen, mhandisi wa Microsoft, alieleza mwaka 2012. Walikuwa wanahamisha mamilioni ya mistari ya msimbo, yaani maandishi ya programu, kutoka kompyuta za biti 32 kwenda kompyuta mpya za biti 64. Zamu ya pinboli ilipofika, gololi ililetwa kwenye springi ya kurushia, kisha ikaanza kuteremka taratibu, ikapita katikati ya springi na kutokea chini ya meza. Kila gololi, kila mara. Wakakaa wawili kutafuta kosa. Msimbo uliandikwa miaka kadhaa nyuma na kampuni ya nje, sehemu kubwa haina maelezo hata mstari mmoja, na pale Microsoft hakuna aliyewahi kuuelewa. Hawakuona kwa nini ukaguzi wa kugusa umeharibika. Hata mahali ulipo ndani ya msimbo hawakupaona. Kazi nyingine zilikuwa zinawasubiri, wakaamua kuiacha. Vista ikaja bila pinboli.

Wakuu, gemu lililochezwa na watu kuanzia Austin mpaka maabara yetu ya mabati liliondoka kwa sababu hakuna aliyeandika pembeni, "hapa ndipo gololi inapogusa ukuta."

Huyo huyo Chen ana kisa kingine cha gemu hili. Lilikuwa linachora fremu, yaani picha moja moja za mwendo, nyingi kadiri kompyuta inavyoweza. Mwaka 1995 hilo halikuwa tatizo. Kompyuta zilipopata kasi, gemu likawa linakula prosesa yote kwa kuchora fremu ambazo hakuna jicho linaloziona. Akaweka kikomo cha fremu 100 kwa sekunde, matumizi ya prosesa yakashuka mpaka asilimia 1.

Sasa meza yangu. Tangu mwaka jana ninajenga pinboli ya simu, kila jioni baada ya kazi. Bampa ni vichala vya zabibu, ukivigonga vinatoa punje. Njia ya kuzunguka juu ya meza ni reli ya SGR, gololi ikiingia inapita Ihumwa na kutokea upande wa pili. Kuna mwamba wa Kondoa wenye michoro ya Kolo, ukigonga vibao vyake kwa mpangilio michoro inajitokeza mmoja mmoja. Katikati ya flipa mbili umesimama mbuyu mdogo.

Kuchora hakukunipa shida. Gololi ndiyo iliyonipa shida, shida ile ile ya watu wa Austin. Gololi ya pinboli halisi ina kipenyo cha milimita 27 hivi na uzito wa gramu 80. Chukua inakwenda mita 5 kwa sekunde baada ya kupigwa na flipa. Kwa fremu 60 kwa sekunde, kati ya fremu na fremu inasafiri milimita 83, yaani upana wa gololi tatu. Fremu hii iko upande huu wa ukuta, fremu inayofuata iko upande wa pili, na programu haikuwahi kuiona ikigusa. Gololi zangu zilikuwa zinatokomea Manyoni.

Nikaacha kukagua kwa fremu, nikagawa kila sekunde kuwa hatua 1000, gololi ikasogea milimita 5 kwa hatua. Kuta zikashika. Lakini flipa ikipanda kwa nguvu bado mara moja moja gololi inapenya, na simu za bei ndogo zinapata joto. Hapo ndipo nilipokwama. Mwenye mchango karibu.

#2 Fundi PC Makole

Mkuu umenirudisha mbali sana. Mimi ninatengeneza kompyuta na nakuambia mpaka leo wateja wazima, watu wa ofisini, wanaleta laptop mpya na kuniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kuwawekea "ule mpira wa XP". Nikiwaambia haupo wanasononeka kweli.

Kuna namna ya kuupata? Nina hadi mashine mbili za XP hapa dukani ambazo sijazivunja kwa sababu hiyo tu.

#3 Mtoto wa Chang'ombe

Samahani mleta mada, sitaki kuharibu uzi, ila hii si ndiyo ndugu yake dubwi? Mtaani kwetu yale mashine yamemaliza hela za vijana. Unaweka sarafu, taa zinawaka, unatoka mikono mitupu. Sasa wewe unataka kuwaletea watoto kwenye simu na zabibu juu yake. Naomba nieleweshwe.

#4 Gololi ya Hombolo

Mtoto wa Chang'ombe, swali lako ni la haki na limeulizwa zamani na watu wakubwa. New York walipiga marufuku pinboli mwaka 1942, Meya Fiorello La Guardia akiwa mstari wa mbele, na polisi walizivunja mashine kwa nyundo hadharani. Na kwa wakati ule hoja ilikuwa na uzito, kwa sababu pinboli za kwanza hazikuwa na flipa. Unarusha gololi, inagonga misumari, inaangukia popote, unabaki kuomba. Kazi ya mkono wako iliisha pale ulipoachia springi.

Flipa zilikuja mwaka 1947 kwenye mashine ya kampuni ya Gottlieb iliyoitwa Humpty Dumpty. Kuanzia hapo mchezaji akaweza kuipokea gololi, kuituliza na kuielekeza. Marufuku ya New York iliendelea hata hivyo mpaka 1976. Mwaka huo mwandishi Roger Sharpe alicheza mbele ya madiwani, akaonyesha kwa kidole gololi itapita wapi kabla ya kuirusha, ikapita hapo hapo. Wakaondoa marufuku.

Dubwi halikupi cha kufanya baada ya kuweka sarafu. Meza yangu haina sarafu, haina kununua gololi za ziada, na haitakuwa nayo. Hilo nilishaliamua kabla sijaandika mstari wa kwanza, kwa sababu nami ninaishi mtaa wenye hayo mashine.

Fundi PC, ndiyo, ipo namna. Mwaka 2021 mtaalamu mmoja, Andrey Muzychenko, aliichukua ile programu ya XP akairudisha kutoka lugha ya mashine hadi msimbo unaosomeka na binadamu, akauweka wazi GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, kwa jina la SpaceCadetPinball. Watu wameshauhamishia Linux, Android na vifaa vingine vingi. Hautoi picha na sauti, hizo unazichukua kwenye XP yako: picha zimo kwenye faili la PINBALL.DAT, sauti ni mafaili ya WAV yaliyo pamoja nalo. Usizivunje hizo mashine mbili.

Na kwa wanaotaka kujifunza, uchimbeni huo msimbo. Ndani kuna kitu kinachoigawa meza katika visanduku vidogo, na kila kisanduku kinajua kingo zilizomo ndani yake. Gololi ikiwa kwenye kisanduku fulani inaulizwa kuhusu kingo za hapo tu, haisumbuki na meza nzima. Ndiyo maana gemu liliweza kwenda kwenye kompyuta dhaifu za 1995. Nimeiga wazo hilo na simu ya bei ndogo ikapumua kidogo.

#5 Mwalimu wa Kondoa

Nimefurahi kuona michoro ya Kolo imekumbukwa. Ni urithi wa dunia tangu 2006, na wanafunzi wangu wengine wanaishi karibu nayo na hawajawahi kuiona.

Ninafundisha fizikia. Umetuambia habari za kasi lakini hukutuambia mvutano wa meza umeuwekaje. Mashine halisi zinalazwa kwa nyuzi 6.5 hivi. Kama umechukua 9.8 ukazidisha na sini ya nyuzi 6.5 utapata karibu 1.11. Hiyo ni kwa kitu kinachoteleza. Gololi haitelezi, inabingirika, na sehemu ya nguvu inatumika kuizungusha. Kwa tufe lililojaa, zidisha kwa 5 gawanya kwa 7. Utabaki na 0.79.

#6 Gololi ya Hombolo

Mwalimu, nimesoma jibu lako nikafunga kompyuta nikaenda kwa seremala.

Niliweka 1.11, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nahisi gololi yangu ina pupa, inarudi chini kabla mkono haujajiandaa. Nilikuwa nalaumu flipa. Jana nimekatiwa ubao wa mninga wenye mfereji wa mita moja, nikauinua upande mmoja sentimita 11.3 ili nipate hizo nyuzi 6.5, nikaachia gololi ya beringi na kurekodi kwa simu, fremu 30 kwa sekunde. Kutoka juu mpaka chini ni fremu 48. Sekunde 1.6. Kwa 1.11 ingepaswa kuwa 1.34, kwa 0.79 ni 1.59.

Nimebadilisha namba moja tu kwenye msimbo. Mdogo wangu, ambaye hajui nimegusa nini, amecheza leo asubuhi akasema, "kaka, sasa imekuwa nzito, imekuwa chuma." Asante sana, Mwalimu.

#7 Binti wa Ng'ong'ona

Niko mwaka wa tatu Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) upande wa kompyuta, nimefuatilia kimya kimya ila hapa naomba kuchangia mambo mawili.

La kwanza, kwa nini biti 64 ziharibu gololi. Prosesa za x86, zile za kompyuta nyingi za Windows, kwa njia yao ya zamani zilikokotoa desimali ndani kwa biti 80, kisha zikapunguza wakati wa kuhifadhi. Programu za biti 64 kwa kawaida zinatumia njia nyingine, ya biti 64 au 32 moja kwa moja. Tofauti ni ndogo mno, lakini kama msimbo wako unauliza "je, umbali ni sifuri?" basi tofauti hiyo inatosha kugeuza ndiyo kuwa hapana. Chen mwenyewe alitaja makosa ya namna hiyo ya kukadiria desimali kama kitu ambacho wangelazimika kukitafuta kwa siku nyingi. Kwa hiyo kaka usilinganishe na sifuri popote. Weka uvumilivu mdogo, yaani kiasi kidogo cha tofauti unachokikubali.

La pili, hatua 1000 ni kutumia nguvu. Badala ya kusogeza gololi kisha kuuliza kama imegusa, uliza kwanza: kwa njia hii na kasi hii, itagusa baada ya muda gani? Gololi ni duara, ukuta ni mstari. Usogeze mstari kuelekea gololi kwa kiasi cha nusu kipenyo, kisha gololi ichukulie kuwa nukta. Sasa ni hesabu ya kidato cha nne, nukta inayotembea inakutana lini na mstari. Ukipata muda, peleka gololi mpaka pale hasa, igeuze, halafu endelea na muda uliobaki wa fremu. Haiwezi kupenya hata ikienda mita 50 kwa sekunde, kwa sababu huiachi iruke ovyo.

Flipa ndiyo ngumu kwa kuwa nayo inatembea. Hapo jiweke juu ya flipa. Chukulia flipa imesimama na gololi ndiyo inayoijia, ukitoa kasi ya ile sehemu ya flipa inayoguswa. Ncha ya flipa ina kasi kubwa kuliko shina lake, ndiyo maana gololi ikipigwa na ncha inaruka sana.

#8 Gololi ya Hombolo

Binti, nimeusoma ujumbe wako mara tatu na daftari mkononi. Hilo la kusogeza ukuta na kuifanya gololi nukta nimelielewa mara moja. La flipa nitalala nalo. Narudi.

#9 Mkongwe wa Area C

Mimi ni mtu mzima kwenu, nilisoma Sweden mwanzoni mwa miaka ya 90. Kabla ya hiyo XP yenu kulikuwa na kompyuta ya Amiga, na kwenye Amiga kulikuwa na Pinball Dreams, 1992. Vijana wa Kiswidi walioiunda walijiita Digital Illusions. Meza ilikuwa ndefu kuliko kioo, kwa hiyo picha yote ilikuwa inapanda na kushuka ikiifuata gololi, laini kama maji. Mabweni mazima hayakulala. Vijana hao hao ndio baadaye wakaitwa DICE na kutoa Battlefield 1942.

Na nyuma zaidi, 1983, kulikuwa na Pinball Construction Set ya Bill Budge kwenye kompyuta ya Apple II. Yeye hakukupa meza, alikupa karakana. Unachukua bampa kwa mkono wa kwenye kioo, unaiburuta, unaiweka unapotaka, unapaka rangi, unacheza. Mwanzisha uzi, ukimaliza meza yako fikiria jambo hilo. Kijana wa Mpwapwa ajenge ya Mpwapwa, wa Singida aweke alizeti zake.

Jambo jingine, umesema gemu lilipotea kwa msimbo usio na maelezo. Kuna kupotea kwa aina nyingine. The Pinball Arcade walikuwa wanazihamisha mashine halisi za zamani kuziingiza kwenye kompyuta, kazi ya uangalifu mkubwa, lakini haki za mashine za Williams na Bally walikuwa wamezikodi. Katikati ya 2018 mkataba uliisha na meza hizo zikaondolewa sokoni. Kwa hiyo unapoweka muziki, michoro au jina la mtu, hakikisha ruhusa ipo kwa maandishi.

#10 Zabibu ya Mpunguzi

Nimeingia kwa sababu ya neno zabibu, nimekaa kwa sababu ya mengine. Baba yangu ana shamba huku, na kichala cha zabibu yetu hakikai duara kama mpira, kinaning'inia na kuchongoka chini. Ukichora duara watu wa huku watajua hujawahi kuvuna.

Sauti umeweka nini? Gololi ikigonga bampa kuna mlio. Ningependa usikie ilimba pale, ile ala yetu ya ndimi za chuma, kila bampa na ulimi wake, ili meza ikipigwa haraka iwe kama mtu anaipiga kweli. Na misheni ikikamilika ngoma ya muheme, ile ya akina mama. Usikate kwenye rekodi za watu, hata za marehemu mzee Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo. Wapigaji wapo hai. Nenda Chamwino, kwenye tamasha la muziki wa Cigogo utawakuta kwa makundi, waombe, walipe, warekodi.

#11 Gololi ya Hombolo

Mkongwe, shikamoo, na asante kwa tahadhari ya haki. Karakana ya meza nimeiandika ukurasa wa mbele wa daftari langu.

Zabibu ya Mpunguzi, sauti nilizonazo ni za makopo niliyoyagonga jikoni. Nakubali yote uliyosema. Kuhusu kichala, naomba nije shambani nikichore papo hapo, kama mzee ataridhia. Umbo lililochongoka litabadilisha hata mdundo, maana gololi ikigonga upande wa chini itatupwa pembeni badala ya kurudi juu, na hilo linanipa njia mpya kuelekea reli.

#12 Zabibu ya Mpunguzi

Mzee amesema karibu, uje asubuhi kabla jua halijawa kali.

#13 Fundi PC Makole

Ripoti ya dukani. Nimefuata maelekezo, nimetoa PINBALL.DAT na mafaili ya sauti kwenye XP moja, nimeyaweka pamoja na ile programu ya Muzychenko kwenye laptop ya mteja, Windows 11 ya biti 64. Gololi imekuja kwenye springi. Nikasubiri nione kama itateremka kama mzuka. Imekaa! Nimebana kitufe cha nafasi nikaachia, ule mlio wa kurushwa umetoka, na mteja, mama wa makamo wa ofisi moja hapa mjini, amevuta kiti.

Kwa wasiojua: anza gemu jipya, andika hidden test, pamoja na nafasi katikati. Kisha bana mausi na uiburute gololi popote juu ya meza. Walioliunda waliutumia kujaribia kuta zao, na nahisi mwanzisha uzi anahitaji kitu kama hicho.

#14 Gololi ya Hombolo

Fundi, ninacho sasa. Nimekiweka jana usiku, na ndicho kilichonionyesha nilipokosea kwenye flipa: nilikuwa natoa kasi ya shina badala ya kasi ya sehemu inayoguswa, kama Binti alivyoonya. Nimerekebisha. Nimeiachia simu icheze yenyewe usiku kucha, flipa zikipiga bila kupumzika, na programu ikihesabu kila gololi inayotoka nje ya kuta. Asubuhi hesabu ilikuwa sifuri, na simu haikuwa ya moto.

Mmeniuliza kwenye ujumbe wa faragha kama nitaweka msimbo wazi. Ndiyo, baada ya sauti za ilimba kupatikana. Kwa leo naweka hapa maelezo yaliyo juu ya ile sehemu ya msimbo, kama nilivyoyaandika:

// HAPA NDIPO GOLOLI INAPOGUSA UKUTA.
// Gololi tumeifanya nukta, ukuta tumeusogeza nusu kipenyo (milimita 13.5).
// Tunatafuta muda wa kukutana kwanza, ndipo tunaisogeza. Usibadilishe mpangilio huo.
// Usilinganishe na sifuri. Tumia UVUMILIVU, uko mstari wa 12.
// Flipa: toa kasi ya sehemu inayoguswa, si ya shina.
// Mvutano ni 0.79, si 1.11, kwa sababu gololi inabingirika. Tulipima kwa ubao wa mninga, fremu 48.
// Ukihamisha programu hii kwenda mashine nyingine na gololi ikapita ukutani, anza kutafuta hapa.